Mtoto wa awali haongei kabisa shuleni, nyumbani anaongea kama cherehani

Mwl_Chaki
Habari za jioni wadau. Mi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya serikali huku Morogoro, nina watoto 68 (najua mwongozo unasema 25 kwa mwalimu mmoja, tusianzie huko). Sasa nina binti wa miaka 5, kaanza Januari na huu ni mwezi wa tatu, sijawahi kusikia sauti yake. Shikamoo hasemi, nikiita majina haitiki, ananikodolea macho tu. Na si kwamba hana akili, ukimpa vifuniko vya soda anavipanga kumi kumi na midomo inacheza, ila sauti haitoki. Juzi kajikojolea palepale kwenye mkeka sababu hawezi kuomba ruhusa, wenzie wakacheka, na mimi nikiri tu, nilifoka kwanza ndo nikaelewa baadae. Nikamwita mama yake akashangaa, anasema huyu nyumbani ndo tunamwomba anyamaze. Nifanyeje jamani?

Mzee_Kibao
Kudekezwa huko. Enzi zetu fimbo mbili tu ungemsikia anaimba.

mama_wawili
Mzee Kibao enzi zenu mlikuwa mnanyamaza kwa woga mkaita nidhamu 😂 Mwalimu usimsikilize. Wangu alikuwa hivyohivyo chekechea, mwalimu wake alikuwa anamsimamisha mbele anamwambia hukai mpaka useme jina lako, watoto wote wanamwangalia. Basi akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, na Jumamosi mzima wa afya anacheza kombolela mpaka giza. Tulipomhamisha shule, mwalimu wake mpya alimwacha tu, anamkalisha na rafiki mmoja, huyohuyo kila siku, wakaanza kunong'onezana wenyewe wakiwa wanajipikilisha na mchanga kule nyuma.

Bwashee_Simiyu
Swali dogo mwalimu, nyumbani wanaongea lugha gani? Mi nimekulia kijijini Bariadi, naanza shule Kiswahili nakijua cha kwenye redio tu, nilikaa kimya karibu muhula mzima wakaniita bubu, kumbe nilikuwa natafuta maneno. Hakikisha hilo kwanza.

nesi_wa_zamu
Bwashee kauliza la maana. Lugha ikiwa si tatizo, na kimya kimepita ule mwezi wa kwanza wa kuzoea shule, basi kuna hali inajulikana kabisa ya mtoto kuongea vizuri sehemu moja na kufungwa koo sehemu nyingine, mara nyingi inaonekana hasa akianza shule. Ni wasiwasi, sio kiburi, anataka kusema ila haitoki, kwahiyo ukimlazimisha au ukimhonga pipi ili aseme unamkaba zaidi. Toa presha kwanza. La choo limalize kesho, mpe ishara, hata kigae chekundu cha kukuonyesha anyanyuke aende. Wakati wa kuita majina mruhusu anyooshe mkono kama wote. Halafu mwombe mama aje mapema dakika kumi kabla wenzie hawajafika, wacheze wawili tu humo darasani, wewe uwe mbali unafuta ubao hata huwaangalii, siku zikienda unasogea kidogokidogo, unakuja kukaa karibu, mwisho unaingia kwenye mchezo. Akikutamkia neno usipige makofi wala kuita walimu wenzio! Jibu kawaida tu muendelee. Ikifika katikati ya mwaka bado, mpelekeni hospitali wamwangalie masikio na usemaji, ila hilo la masikio hata sasa sio vibaya.

Mzee_Kibao
Haya, nimesoma. Ila 68 nani ana muda wa kusogea kidogokidogo.

Mwl_Chaki
Mzee hapo umesema kweli, ila dakika kumi za asubuhi ninazo. Nimeshampa kifuniko cha bluu cha kuombea ruhusa ya choo, leo kakitumia mara mbili, na watoto wengine kumi wanakitaka sasa, sijui nitafanyaje 😅 Kuhusu lugha nilimwomba mama anirekodie akiwa nyumbani, katuma jana usiku WhatsApp. Kiswahili kimenyooka. Kawapanga wadogo zake wawili na ndoo kwenye baraza anawafundisha, kashika mwiko, anasema "mikono kichwani! midomo kimyaaa! wewe nyuma nitakufuata hukohuko!" Sauti yangu kabisa, mpaka ile pumzi ninayovuta kabla ya kufoka. Mume wangu kacheka mpaka kakaa chini, mi nimeirudia mara nne sijacheka. Mama yake anaanza kuja kesho saa moja kasoro.