Mandhari yangu ya Dunga imetoka kama kalenda ya duka la dawa, naombeni ushauri

KalamuYaZiwani (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Huwa nachora mandhari kwenye laptopu kwa programu ya kuchorea ya Krita, na tableti ndogo ya kuchorea ya kuunganisha kwa waya. Shangazi yangu anafungua mkahawa, akaniagiza picha ya ufuo wa Dunga, hapa Ziwa Victoria, jua likitua, "kama zile za rangi za mafuta, zenye uzito". Nilikaa nayo wiki mbili. Kwenye kioo ilikuwa inawaka! Nikaipeleka ikachapishwe kwenye kanvasi, sentimita 40 kwa 50, nikarudi nayo ndani ya matatu nimeikumbatia kama mtoto.

Shangazi akaitazama, akasogea, akaipitisha kidole. "Mwanangu, mbona ni kama kalenda ya duka la dawa?"

Na kweli. Mawingu ni pamba tupu, maji yamenyooka kama bati, vilima vya ng'ambo utadhani vimekatwa kwa makasi. Tena imetoka giza, na lile chungwa la jua limegeuka rangi ya matofali. Nilikuwa nimeweka hadi nyuzi za kanvasi juu ya picha nzima, halafu nikapitisha kichujio cha "rangi ya mafuta" kumalizia. Picha nimeibandika hapo chini. Nimekosea wapi? Laptopu ina RAM ya GB 4, kwa hivyo tafadhali msiniambie ninunue nyingine.

MpakaRangi (Nakuru)

Mdogo wangu, mimi ni wa mafuta yenyewe, harufu ya tapentaini imeshaingia hadi kwenye mapazia. Kompyuta siijui sana ila picha naijua.

Anza kwa kutupa hicho kichujio. Hakijui wingu wala jiwe, kinakoroga vyote mkorogo mmoja, ndiyo maana picha yako nzima ina ngozi moja. Mwenye brashi maji anayavuta kwa ulalo, kilima anakifuata kinavyoteremka, majani anayagongagonga.

Halafu hizo nyuzi. Siku ukipata mchoro wa mafuta, usogeze dirishani mwanga uupige ubavuni. Penye kivuli rangi ni nyembamba, kitambaa unakiona. Penye mwanga rangi imerundikwa na kitambaa kimezikwa chini yake. Wewe umeweka nyuzi hata juu ya jua! Zibaki kwenye vivuli, kwingine zifute.

Na usianzie kwenye weupe. Mimi kabla ya kuchora chochote naipaka kanvasi yote rangi ya chungu kilichochomwa, nyembamba, naiacha ikauke. Nikija kupaka anga sizibi kila upenyo. Vipande vya ule wekundu vinabaki vikichungulia kati ya mawingu, na hapo buluu inapata uhai. Kwako wewe si ni kumwaga rangi kwenye leya ya chini tu, yaani lile tabaka la chini kabisa la picha? Mimi nangoja siku nzima.

Bwana_Moja_Kwa_Moja

Nunua tyubu sita, kanvasi na brashi. Mambo yaishe.

KalamuYaZiwani

Kaka, mkahawa unafunguliwa mwezi ujao na mafuta sijawahi kuyashika.

MpakaRangi

Hata angeyashika leo, yasingekauka kwa wakati. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inagandishwa na hewa, na ukiiweka nene unaweza kungoja miezi. Mwacheni kijana na kalamu yake. Ila mwambie shangazi ukweli kwamba ni chapa ya mashine, wageni wake wasije wakadanganywa.

NyuziNaPikseli (Eldoret)

Kuhusu hiyo GB 4. Sentimita 40 kwa 50 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4,724 kwa 5,906. Leya moja iliyojaa hapo hula kama MB 110. Leya kumi, GB nzima imekwenda, na bado hujahesabu kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma. Shuka hadi nukta 200, yaani pikseli 3,150 kwa 3,937, leya moja inabaki kama MB 50. Picha ya kutundikwa ukutani, nani atakuja na kioo cha kukuzia?

Leya zenyewe zisizidi tatu: ya rangi ya chungu, ya picha, na ya mwanga mzito wa mwisho. Nimeona watu wana leya arobaini, kila jani na leya yake, halafu wanauliza mbona picha imekatikakatika. Kwenye mafuta kilima na anga hugusana vikiwa vibichi, kingo zikalana. Kwenye Krita tumia brashi zenye neno Wet kwenye jina, hizo huvuta rangi iliyo chini. Chagua tatu tu, nyingine zifiche. Ile brashi ya hewa (airbrush), laini, ndiyo iliyokuletea pamba.

Jambo moja linawasumbua wengi. Chukua buluu kali na njano kali ya kioo, zikoroge nusu kwa nusu: unapata kijivu. Kompyuta hapo inapiga wastani wa namba za mwanga, haikorogi rangi. Za tyubu zingekupa kijani. Kwa hivyo kijani cha magugu maji usikitafute kwa kukoroga juu ya picha, kitaoza. Tengeneza vijani vyako vinne au vitano mapema, vipange pembeni mwa kanvasi kama mtu mwenye kibao cha rangi, uwe unachovya hapo. Programu nyingine, Rebelle, kwenye toleo lake la Pro inakoroga kama rangi halisi, ila ni ya kulipia na kwa mashine yako sikushauri.

La mwisho, acha kukuza. Naona kwenye nyasi zako ulikuwa ndani ya asilimia 400. Picha nzima ikae kwenye kioo, brashi iwe kubwa kuliko unavyopenda.

DadaWaPlota (Kakamega)

Mimi niko upande wa kuchapa. Giza hilo usimlaumu mchapaji peke yake. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inaazima mwanga wa chumba. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo, punguza mwangaza mpaka weupe wa kioo ukaribiane na wa karatasi, kisha ndipo uchore. Utashangaa ulikuwa unachora gizani.

Chungwa kali la kioo wino haulifikii, usipigane nalo. Lipoze lile linalolizunguka: anga iwe ya kijivujivu, jua lenyewe litawaka kwa kulinganishwa. Na omba kipande cha majaribio, sentimita kumi tu, chenye jua na sehemu yako nyeusi kuliko zote. Atakayekunyima hicho hama.

Kuna wanaopaka jeli ya akriliki juu ya chapa ili ipate matuta ya brashi. Inawezekana, lakini uliza kwanza kama wino unastahimili maji, maana mwingine unatiririka ukiguswa na maji. Na jeli ifuate mapigo yaliyo kwenye picha. Nimeona moja matuta yanakwenda kushoto, mawingu kulia. Vichekesho.

MtuWaAhero

Mimi sichori, napita tu, lakini hilo ziwa nimelikulia. Tanga la mtumbwi wako ni jeupe pe, na jua liko nyuma yake. Saa hizo tanga halina weupe, ni rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Vilima navyo jioni havina ukingo, vumbi na moshi wa jikoni vinavila kuanzia chini, unabaki unaona mgongo tu.

KalamuYaZiwani

Mzee wangu, hilo la tanga limeniuma kwa sababu ni kweli. Nilichora kutoka picha ya simu ya saa nane mchana, jua nikalipachika.

MpakaRangi

Ahaa! Basi nenda Hippo Point, hapo ufukweni kwenu, na laptopu saa kumi na mbili jioni. Mchoraji Mwingereza John Constable mwaka 1821 na 1822 alikuwa akipaka mawingu tu kule Hampstead, London, kwa mafuta juu ya karatasi, mara nyingi nyuma anaandika tarehe, saa na upepo. Fanya hivyo. Picha ya dakika ishirini, iache hapo, kesho nyingine. Jua letu halina subira, linadondoka.

KalamuYaZiwani (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nimekwenda Hippo Point jioni sita. Siku ya kwanza betri ilikufa kabla ya jua. Siku ya tatu watoto walinizunguka, mmoja akaniuliza kwa nini maji nayapaka zambarau. Nikatazama tena, yalikuwa zambarau.

Nimeichora upya yote kwa leya tatu na brashi tatu. Wingu kubwa nimelipata kwa mapigo kumi na manne, niliyahesabu, na sikuyarudia. Rangi ya chungu inachungulia juu ya vilima. Nyuzi ziko kwenye maji ya kivulini tu. Kipande cha majaribio kilitoka giza kidogo, nikarekebisha mara moja. Jeli nimeiogopa.

Shangazi amesimama mbali safari hii, hakuigusa. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Mbona tanga ni chafu?" Lakini ameitundika, mkabala na mlango.

Kimebaki kitu kimoja. Mafunjo ya kona ya chini kushoto bado yanafanana na nyaya za simu. Nimeyarudia mara tano.

MpakaRangi

Unayachora moja moja, ndiyo sababu. Paka kwanza tonge la giza, kubwa, bila funjo hata moja. Kisha chukua rangi ya anga, ukwangue humo ndani nafasi zilizo katikati, kwa brashi bapa. Mafunjo yatajitokeza yenyewe. Hiyo kona ibandike hapa ukimaliza.