Mhusika wangu ana kurasa sita za historia, lakini mchezoni hana la kufanya

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimejiunga na kundi linalocheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi, na kabla ya kikao cha kwanza nilimwandikia mhusika wangu, mlinzi wa zamani wa lango la mji, kurasa sita za maisha yake: wazazi waliouawa na joka, mji ulioteketea, mwalimu aliyemfunza upanga naye akafa. Tumeshacheza vikao vitatu na hakuna hata mstari mmoja uliopata nafasi. Wenzangu wakienda kaskazini nakwenda nao, wakirudi narudi nao, na nikiulizwa mlinzi wangu anataka nini, nakosa jibu. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, kosa si kuandika kurasa sita, bali ni kuua kila mtu aliyemhusu mhusika wako, kiasi kwamba anayeendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwaigiza watu wengine wote, hana hata mmoja wa kumtuma ambishie hodi mlinzi wako. Mfufue mwalimu. Tuseme kwamba usiku wa joka ndiye aliyeacha lango wazi akakimbia, na mlinzi wako alimwona, akanyamaza hadi leo. Sasa mzee huyo anaweza kutokea jioni yoyote, mkono mmoja una makovu ya moto, akiomba hifadhi mbele ya wenzako wasiojua lolote, nawe utalazimika kuamua papo hapo. Nimeendesha michezo mingi, na siri ya namna hiyo hunifaa kuliko vita kumi vilivyokwisha.

Jibu la pili
Naunga mkono, na ningeongeza jambo kuhusu msukumo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinakutaka uandike tabia za mhusika, jambo analoliamini, kifungo chake, yaani mtu, mahali au kitu ambacho hawezi kukiacha, na udhaifu wake. Wengi hurusha dadu, wakanakili kinachotoka kwenye jedwali, wakasahau. Hakikisha kifungo na udhaifu vinagombana: mlinzi aliyeapa kumlinda mwalimu wake, lakini hathubutu kukaidi amri ya mwenye cheo, atateseka siku atakapoamriwa kumkamata. “Anataka kisasi” pekee hakutoshi, kwa sababu hakukuambii kesho asubuhi ataelekea wapi.

Jibu la tatu
Mimi ningepunguza zaidi. Katika Traveller ya mwaka 1977, mchezo mwingine wa namna hii, wa safari za anga za mbali, maisha ya awali ya mhusika hupatikana kwa kurusha dadu kwa kila muhula wa miaka 4 wa utumishi wake, na anaweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Simshauri mtu aige ukali huo, lakini ulinifunza kupokea mambo nisiyoyachagua. Andika nusu ukurasa, uache pengo moja au mawili ambayo wenzako watakusaidia kuyajaza.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Nimemfufua mwalimu, nimefuta kurasa tano, na nimempelekea anayeendesha mchezo kilichobaki. Ameniuliza swali moja tu: je, mwalimu anafahamu kwamba alionekana usiku ule? Nimemwomba aamue yeye, na asiniambie.