Tupeane uzoefu: jiki ya dumu uliyoiweka mwaka mzima bado ni jiki?

Wakuu, kwetu kila dawa ya kutoa madoa ni jiki, hata chupa ikiwa na jina lingine, kwa hiyo mnivumilie. Mwaka jana nilinunua dumu la lita 5 kwa bei ya jumla, nikajiona mjanja. Nikaliweka uani, ukutani upande wa jua. Juzi Jumapili nikaloweka mashati meupe ya shule, yana madoa ya chai kifuani. Asubuhi naamka: doa lipo vilevile, tena limetulia. Nikafungua dumu ninuse. Zamani ukifungua tu macho yanawasha, safari hii ni kama nanusa maji ya bomba. Nikaongeza vikombe viwili, wapi! Nani yamemkuta? Na vitu vingine vya usafi navyo vinakufa hivi?

Nesi wa Zahanati: Mkuu, umefua kwa maji ya chumvi. Jiki ikikaa inavunjika taratibu, na mwisho wake kinachobaki zaidi ni chumvi na maji. Joto na mwanga vinaiharakisha, ndiyo maana chupa zake hazionyeshi ndani. Kazini tunachanganya klorini ya 0.5% kila asubuhi: jiki ya 3.5% kipimo kimoja, maji vipimo sita. Tunaandika saa kwenye ndoo, na ikifika saa 24 inamwagwa hata kama imejaa. Sasa piga hesabu, jiki yenyewe ikiwa imechoka, hicho kipimo chako cha sita kwa moja kinakudanganya na wewe unajua umeua vijidudu. Na usiihamishie kwenye chombo cha chuma. Kivuli, kifuniko kimekazwa, chupa yake ileile.

mama_wawili: Mimi nilinunua ya kupimiwa, ile ya chupa ya maji ya kunywa. Sikuuliza ina muda gani. Kilichonikomesha si nguvu yake, ni mdogo wa miaka minne kuikuta chini ya meza na kuishika hivi, anataka kufungua kifuniko. Sijanunua tena.

Dada wa Sabuni: Ngoja niseme aibu yangu. Nauza sabuni ya maji, napika mwenyewe. Kuna mzigo mmoja wa lita 20 niliacha kuweka formalini, ile dawa ya kuzuia sabuni isioze, kwa sababu harufu yake inanichoma, nikatumia maji ya kisima bila kuchemsha. Wiki ya kwanza safi, nzito, povu la kutosha. Baada ya kama mwezi ikajigawa: juu maji, chini ute, na ukifungua ni mtaro. Mteja akanirudishia chupa yake mbele ya watu: "Dada, hii umekorogea wapi?" Nikakimbilia kuongeza chumvi ili iwe nzito, ikazidi ikawa maji kabisa. Siku hizi nachemsha maji, formalini sikosi, na kila dumu lina kipande cha plasta chenye tarehe ya kupika. Nikiona miezi mitatu inakaribia, natumia nyumbani kupigia deki.

Fundi Bomba: Onyo kwa wanaosema "imeisha nguvu, haina madhara". Nilikuwa na jiki kuukuu, nikamimina chooni, halafu juu yake dawa ya choo ya asidi ili imalizike haraka. Sikufika hesabu ya kumi. Kifua kikabana, kikohozi, nikatoka mbio mlango wazi. Ni gesi ya klorini ile. Iliyochoka bado inayo.

Mjukuu wa Tanga: Sabuni ya unga iliyopata unyevu ikaganda jiwe, ipondeni tu, inafua. Ila bibi yangu alikuwa kinyume na ninyi wote: mche wa sabuni hauguswi ukiwa mpya. Anaukata vipande, anavipanga juu ya kabati viachane, vipate upepo. Vikikauka vinalia ukivigonganisha. Mbichi inaliwa na maji siku mbili, kavu inamaliza wiki.

Mwanzisha mada: Asanteni. Dumu nimelimwaga, peke yake, fundi usijali. Nimechukua chupa ndogo, ipo chini ya ngazi. Mashati yametoka, isipokuwa moja. Dada wa sabuni, Mbagala unafika?