Mjusi wa ndevu aliyeachwa na bosi hataki senene, miguu inatetemeka

Mama Swabra, Kansanga

Jamani habari za jioni. Naomba msaada, kucheka mtacheka baadaye.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa Wazungu fulani hapa Kansanga, Kampala. Mwezi wa tisa mkataba wao ukaisha, wakarudi kwao. Mbwa wakapanda naye ndege, friji wakauza, mimi wakaniachia mjusi. Si hawa wetu wa ukutani. Asili yake Australia, mrefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidoleni, rangi ya mchanga, kidevuni ana miiba miiba. Akikasirika ndevu zinavimba na kuwa nyeusi kama makaa. Watoto wanamwita Sultani. Jirani yangu hapiti tena mlangoni, anasema nimeleta uchawi.

Tanki lake ni la kioo, lilikuja na taa mbili. Moja iliungua mwezi wa kumi, nikaweka balbu ya kawaida, hizi za kubana umeme. Nimemweka dirishani, jua linampiga asubuhi yote. Nampa kabeji, na tangu msimu uanze nampa senene, wale panzi tunaokula. Mwanzoni alikula vizuri. Sasa hataki, amelala tu, na jana nilipomtoa miguu ya mbele ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nifanyeje? Nimeshamzoea.

Boda ya Ggaba

Mama, mwachie kichakani huko ziwani. Mjusi ni mjusi, atajitafutia.

Mzee wa Entebbe

Kijana, usimpotoshe mama wa watu. Huyo kazaliwa kizimbani, hajawahi kujitafutia hata nzi. Kaloli, yule korongo wa majalalani, akimkosa, mvua itammaliza. Na mnyama wa kigeni haachiwi ovyo katika nchi ya watu.

Mama Swabra, nimehudumia wanyama wa kutambaa miaka mingi. Nijibu mawili. Senene unampa wabichi au wa kukaanga? Na ukimbonyeza taya taratibu kwa kidole, ni gumu au linabonyea kama raba?

Mama Swabra, Kansanga

Mzee wangu, naona aibu. Wa kukaanga, wale wa kikombe, wenye chumvi na kitunguu. Nilifikiri kitamu kwetu ni kitamu kwake. Taya nimelibonyeza sasa hivi. Upande wa kushoto linabonyea.

Halafu kuna jambo sikusema. Bosi aliacha kikopo cha unga mweupe, nikadhani ni dawa ya viroboto wa mbwa. Nilikitupa.

Mzee wa Entebbe

Pole. Huo unga bila shaka ulikuwa kalsiamu, na taa iliyoungua huenda ndiyo iliyokuwa ya mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 hata akila kalsiamu haimfai kitu. Mwili unaanza kuichomoa kwenye mifupa. Ndiyo maana taya limelainika na miguu inatetemeka.

Utasema: mbona yuko dirishani na jua analipata? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kinaizuia UVB. Dirisha lina kioo, tanki lina kioo, kwa hiyo Sultani ameliona jua tu. Na ile balbu ya kubana umeme haimpi UVB wala joto la kutosha. Huyu anahitaji mahali pa kuota penye nyuzi 38 hadi 42, na upande mwingine wa ubaridi akajipumzishe. Asipopata joto chakula hakisagiki tumboni, ndiyo maana anakikataa.

Bahati yako uko Kampala, ikweta iko hapo chini tu. Tafuta kizimba cha wavu, kama cha kusafirishia kuku, funika nusu kwa gunia apate kivuli, mtoe nje saa tatu asubuhi kwa nusu saa. Kaa naye, mwewe hawana huruma. Usimtoe na tanki lake! Kioo juani ni oveni. Ndani mwekee balbu ya joto, zile za vifaranga, juu ya jiwe. Pima joto kabla hajalala hapo.

Senene acha kabisa kwa sasa. Hata wabichi siwapendi, kwa sababu taa za mtego zinaita kila kinachoruka, pamoja na yule nzi wa Nairobi anayebabua ngozi, na hujui wametoka shamba lililopuliziwa dawa gani. Kimulimuli ndiyo kabisa, mmoja tu anatosha kumuua. Kabeji punguza. Mpe sukuma wiki, majani ya maboga na boga lililokunwa. Dodo, yaani mchicha, si kila siku, inaifunga kalsiamu.

Lakini haya yote ni ya baadaye. Kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyewahi kushika mijusi. Miguu ikishatetemeka, kalsiamu ya ganda la yai la kusaga pekee haitoshi. Na muulize bosi karatasi za kumwingiza nchini, kisha ukaulize mamlaka ya wanyamapori pale Kamwokya.

Nakato wa Kuku

Dada, mimi nafuga funza wa nzi askari mweusi, kwa ajili ya kuku. Wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Ila mtu asikuuzie waliolelewa kwenye takataka za sokoni, uliza wamekula nini. Na asimeze kitu kipana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake.

Mama Swabra, Kansanga

Narudi baada ya wiki tatu. Daktari alimdunga kalsiamu, akanipa na ya kunywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Siku tisa hakula kitu. Ya kumi akamrukia funza mpaka akajigonga kwenye bakuli.

Umeme ukikatika usiku namwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso. Bosi amejibu, karatasi anazitafuta. Daktari anasema taya litakaza, itachukua miezi, ila mguu wa kulia uliokwisha kupinda utabaki hivyo hivyo. Jirani jana alisimama mbali, akauliza kama anauma.