Tupeane uzoefu: nani alishasumbuliwa kwa sababu ya domeini (jina la tovuti) aliyosajili?

Mwana Birere (Goma)
Wandugu, mdogo wangu anafungua tovuti ya duka lake la vitenge. Fomu ya domeini inamuuliza jina kamili, avenyu, simu. Nimemwambia asimame kwanza. Nani yalimkuta?

Yaya wa Himbi
Mimi. 2017 chama chetu kilikuwa na tovuti, tunaandika juu ya makala (mkaa) yanayotoka ndani ya mbuga ya Virunga. Domeini ilikuwa kwa jina langu. Usiku simu ikalia, namba siijui. Mwanaume, sauti ya upole, ananisomea: jina langu lote, avenyu, namba ya parseli (kiwanja). Nikadhani ni mtu wa kartie. Halafu akasoma "sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri". Nguvu ziliniisha. Goma hatukuwa na namba ya posta, na fomu ilikataa nafasi tupu, ndiyo maana nilijaza sifuri tano. Hazikuwa popote pengine ila kwenye WHOIS, daftari la wenye domeini ambalo yeyote aliweza kulisoma. Akauliza, "Watoto wanasoma vizuri?" Akakata. Tulienda kulala kwa dada yangu Katindo, na habari za makala tukaziondoa. Mpaka leo inaniuma kwamba alishinda.

Katuba Wetu
Pole sana yaya. Huku Lubumbashi pia tuliyaona.

Kadutu Juu
Pole yaya, lakini kuficha kunasaidia matapeli. Binamu yangu alituma pesa ya gari kwa tovuti "ya Dubai". Kutafuta mwenyewe, jina limefichwa, anwani imefichwa. Tumshitaki nani?

Yaya wa Himbi
Tapeli gani aliwahi kuandika jina lake la kweli? Tuliokuwa tunaonekana ni sisi tuliosema ukweli!

Mzee wa Sibe (Bukavu)
Msigombane. Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda data ilipoanza, ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini, iliruhusu habari za watu binafsi zifichwe kwenye .com na wenzake. Tarehe ya kusajili na kampuni iliyosajili bado ziko wazi. Kadutu, uliangalia tarehe?

Kadutu Juu
Wiki tatu tu. Na walijidai wako kazini tangu 2009.

Katuba Wetu
Si aandike jina la uongo yaishe? Au anwani ya mama mkwe, nani atabisha hodi pale 😂

Mzee wa Sibe (Bukavu)
Asithubutu. Data za uongo zinaweza kumpotezea domeini. Ajaze kweli, simu iwe ya duka, kisha ajitafute mwenyewe kwenye RDAP, iliyochukua nafasi ya WHOIS Januari 2025, aone kinachoonekana. Domeini za nchi (kama .cd) zina kanuni zake, asome kwanza.

Yaya wa Himbi
Na habari zangu za 2017?

Mzee wa Sibe (Bukavu)
Kuna makampuni yalinakili WHOIS ya zamani na yanaiuza. Hizo hazifutiki kwa kubadilisha leo. Badili simu.

Yaya wa Himbi
Simu nilibadili zamani. Parseli ni ya baba.

Kadutu Juu
Na wa Dubai?

Mzee wa Sibe (Bukavu)
Kampuni iliyosajili lazima iweke wazi barua pepe ya malalamiko. Andika pale, weka na risiti za malipo.

Kadutu Juu
Aksanti mzee. Binamu anatafuta risiti sasa hivi.