Mada: Maduka makubwa ya bei nafuu na mfuko mdogo

Ndugu zangu,

Bei za maduka haya ni za chini kweli, na wenye kipato kidogo hufaidika zaidi. Watafiti wa uchumi Hausman na Leibtag walionyesha hivyo mwaka 2007 walipochunguza athari za Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka ya aina hii. Shida ipo kwenye pakiti. Asiye na fedha za kutosha mkononi hununua ndogo, na ndogo mara nyingi ndiyo ghali. Gawanya bei kwa uzito: gramu 400 kwa 1.20 ni 3.00 kwa kilo, lakini kilo 1.5 kwa 3.60 ni 2.40 kwa kilo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1998 sheria inayotaka bei ya kilo au lita ionyeshwe. Bei hiyo huwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo ya rafu. Angalia kipimo, maana lebo moja husema kwa gramu 100 na ya jirani yake kwa kilo.

*

Dada, hesabu hiyo ni sahihi, ila ongeza kinachotupwa. Ukitupa moja ya tano ya ile kilo 1.5, unabaki na kilo 1.2, na kila kilo imekugharimu 3.00, sawa na pakiti ndogo. Ukitupa robo, umepata hasara. Basi vikubwa viwe visivyooza: sabuni, karatasi za chooni, nafaka kavu. Nauli nayo ihesabiwe. Ukiokoa 4 na nauli ya kwenda na kurudi ni 5, duka la mtaani limekushinda. Na likifungwa kwa kukosa wateja, nauli hiyo utailipa hata kwa chumvi. Hili linaniuma, kwa sababu wazee na wasio na gari ndio wa kwanza kuumia.

*

Wapendwa, dawa ni kununua kwa pamoja, familia tatu au nne. Fedha zikusanywe kabla ya kwenda dukani. Ahadi za kulipa baadaye ndizo huvunja vikundi. Pimeni mgao wa kila familia kwa mizani ya jikoni, si kwa vikombe, kisha andikeni kwenye kila chombo tarehe ya mwisho ya matumizi iliyo kwenye mfuko wa awali. Risiti ipigwe picha siku hiyohiyo: maandishi yake hufifia, na bila risiti kurudisha kitu kibovu ni mzozo.

*

Kaka, tusisahau ajira. Utafiti wa Neumark na wenzake, 2008, ulikadiria kuwa kila mfanyakazi mmoja wa Walmart alichukua nafasi ya wafanyakazi 1.4 wa maduka mengine. Anayeomba kazi huko aulize atapewa angalau saa ngapi za kazi kwa wiki na ahakikishe zimeandikwa kwenye mkataba. Saa zikipungua, mshahara unapungua, na kodi ya nyumba iko palepale.