Naomba ushauri: antena ya redio, nitumie shaba au alumini?

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Ujiji, Kigoma. Antena yangu ya FM niliiunga mwenyewe kwa binding waya, ule wa mafundi wa kufungia nondo, kwa sababu ndio uliokuwepo. Mwanzo ilishika vizuri. Masika yalipopita, waya umeota kutu, ukiugusa unabaki na vumbi jekundu vidoleni, na stesheni ya 95 MHz inakwaruza tu.

Hesabu nimeshapiga: 300 gawanya kwa 95 ni kama mita 3.16, huo ndio urefu wa wimbi; nusu yake ukipunguza kidogo ni mita 1.5, yaani kila mkono wa antena (iko miwili) sentimita 75. Urefu hauna shida. Shida naona ni chuma chenyewe. Nafahamu kwenye masafa haya umeme hupita juujuu ya waya, kwenye shaba haufiki hata sehemu ya mia ya milimita kwenda ndani. Sasa kama juu ni kutu, mawimbi yanapita wapi?

Nina bomba la alumini la pazia (mama watoto hajui bado) na waya wa shaba wa mota iliyoungua. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, lakini bomba ni nene. Je, tofauti hiyo nitaisikia kweli? Na nikiunga kebo ya shaba kwenye alumini, kwa unyevu huu wa ziwani maungio si yataliwa? Mnapaka nini?

Halafu antena iko nusu mita tu juu ya bati. Niipandishe kwanza?